Nukta Mbili Zilizorukwa

Ramani ilipomaliza kuteua, kilima chote cha Irindi ya Juu kilikuwa cha manjano, isipokuwa nukta mbili katikati yake zilizobaki za kijani.

Nakundwa Mndeme, mpima ramani wa Baraza la Maji ya Mlima, alizitambua nukta hizo kabla ya kuzisogezea kishale. Moja ilikuwa nyumba ya baba yake. Ya pili ilikuwa nyumba yake mwenyewe.

"Umeona lolote lisilo sawa?" aliuliza Bwana Sefania Mruma, mkuu wa ofisi, aliyesimama nyuma ya kiti chake akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Ninaona kazi imekwisha, Bwana Mruma."

"Basi tia kidole, nasi tupumzike."

"Naomba kuipitia tena tangu mwanzo."

"Ramani haikosei, binti."

"Sikusema imekosea."

Bwana Mruma alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyekuwa na haraka, akavuta kiti akaketi kando yake. Nakundwa alifuta uteuzi wote, kilima kikarudi kijani, akaanza upya. Aliweka nukta ya mwanzo juu ya nyumba ya Mzee Kadeghe, mlinzi wa bwawa la zamani la kilima kile, ambaye alikuwa mahabusu kwa kosa la kuvunja lakiri, muhuri wa Baraza uliofunga mlango wa bwawa, na kuyafungulia maji. Akaandika umbali wa kuzunguka nukta ile: nusu kilomita. Kisha, katika jedwali la sifa, akachagua safu iliyoitwa Mwenye Maji, akaiamuru programu itafute.

Programu ilisimama juu ya nyumba ya Mzee Kadeghe, ikatazama nyumba zote zilizomo ndani ya nusu kilomita, ikasoma sifa ya kila moja. Iliyokuwa na sifa ileile, iliteuliwa. Kisha programu ikahamia juu ya kila nyumba iliyoteuliwa, ikatazama tena pande zote, na hivyo hivyo hadi ilipokosa jirani mwingine wa kumchukua. Manjano yakapanda kilima kama moto wa nyasi. Yalipofika katikati yaligawanyika, yakazizunguka nyumba mbili, yakakutana upande wa pili.

Zamani kazi ya namna hii iliishia karatasini. Mpima alichapa ramani ya rangi, akaitundika ukutani, wakubwa wakaitazama na kwenda zao. Lakini tangu miaka ya ukame mkubwa, Ramani ya Baraza iliunganishwa na koki ya kila nyumba mlimani, na kuteua kukawa ndiko kufunga. Nyumba iliyotiwa manjano ilingoja kidole cha mpima. Kidole kikishatiwa, manjano yaligeuka mekundu, koki ikajifunga, na haikufunguka tena hadi masika yarudi, kama yangerudi. Watu wa nyumba isiyo na maji hawakuweza kukaa mlimani. Walichukuliwa na malori hadi kambi za tambarare, huko ambako maji hugawiwa kwa foleni na wazee hawamalizi kiangazi.

Kufunga nyumba ya mwizi peke yake kusingekuwa jambo la kumsumbua mpima mwenye dhamiri. Lakini Sheria ya Ujirani ilisema kwamba maji hayaibiwi na mtu mmoja. Aliyeiba, na jirani aliyenyamaza, ni wamoja. Na kwa kuwa hakuna hakimu awezaye kuingia katika moyo wa kila jirani, kazi hiyo ilikabidhiwa Ramani: jirani mwenye sifa moja na mwizi atahesabiwa pamoja na mwizi.

"Una bahati," alisema Bwana Mruma akiitazama skrini. "Nyumba zenu zimekaa mahali pazuri."

Nakundwa alikisogeza kishale juu ya nukta zile mbili. Kilima kile alikichora yeye mwenyewe mwaka uliopita, na mwaka uliopita nyumba zile mbili zilikuwa na sifa moja na jirani zao wote. Kuna mkono ulioingia katika jedwali siku moja baada ya lakiri kuvunjwa. Na mkono unaomwondolea mtu adhabu ambayo hakuomba kuondolewa, una siku yake ya kudai. Alimtazama mkuu wake kwa pembe ya jicho: shati lililopigwa pasi, miwani safi, chai anayoinywa polepole. Nani aliweza kubadilisha sifa ofisini mle pasipo yeye kujua?

"Nitatia kidole kesho mchana," alisema. "Sheria inanipa siku moja ya kuhakiki."

"Inakupa. Kahakiki." Bwana Mruma akasimama. "Ila usihakiki mno, binti. Mtu akikuna sana pasipowasha, hutoka damu."

*

Habari ilikuwa imefika Irindi kabla yake, kwa maana koki hazijui kutunza siri. Juu ya kila koki kuna taa ndogo, na Ramani ikishateua nyumba, taa yake huwaka manjano hapohapo. Alipopanda njia ya kwenda kwake, aliona taa za manjano vibarazani, na watu wakijaza maji kana kwamba jeshi linakuja.

Mama Naetwe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amepanga sufuria, ndoo na mabeseni kuanzia mlangoni hadi bandani mwa mbuzi.

"Shikamoo, Mama Naetwe."

"Marahaba, mwenye taa ya kijani."

"Mama, sikuiweka mimi."

"Nani amesema umeiweka? Mimi nimeitikia salamu tu. Au siku hizi na salamu zinapimwa?" Aliinama akasogeza ndoo nyingine chini ya koki. "Nimejaza kila chombo. Hata viatu vya mvua vya marehemu mume wangu nimevijaza. Akifufuka leo atatembea peku."

Nakundwa aliketi juu ya jiwe bila kukaribishwa. "Nieleze jambo moja. Katika Ramani, nyumba zenu zote zimeandikwa kuwa mwenye maji ni Mzee Kadeghe. Nani aliwaambia waandikishaji hivyo?"

"Tuliwaambia sisi."

"Wote?"

"Wote tulikuwa kwenye msaragambo siku hiyo, tunazibua mfereji kwa pamoja. Pembe ilipigwa asubuhi, nani angebaki nyumbani kungoja wageni wa karatasi? Tukamwacha mmoja ambaye hawezi jembe, awajibie kwa niaba yetu. Wakamwuliza nyumba baada ya nyumba: mwenye maji hapa ni nani? Ulitaka aseme nini? Aseme maji ni ya Mama Naetwe? Watu wangenicheka mpaka Pasaka."

Nakundwa alielewa, na alipoelewa alihisi uzito. Katika kilima kile, tangu mababu walipojenga ndiva, bwawa lile la mawe na udongo, ili kukusanya maji ya chemchemi, hakuna mtu aliyesema maji ni yake. Shamba ni langu, mbuzi ni wangu, maji ni ya mlinzi wa ndiva. Ni neno la adabu, kama vile mtu anavyomwita mzee wa jirani baba. Mwandikishaji wa mjini hakulijua neno hilo. Alisikia Kadeghe, akaandika Kadeghe, nyumba hadi nyumba. Na sasa Ramani iliyasoma yaliyoandikwa, ikaona genge zima lenye kiongozi mmoja.

"Na siku lakiri ilipovunjwa, Mzee Kadeghe alikuwa wapi?"

"Kanisani. Ibada ya mavuno. Benchi la mbele, nilimwona kwa macho yangu. Anasinzia."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani? Walipokuja kuuliza, yeye mwenyewe alisema mlango wa ndiva ni wake. Mtu mzima akishasema, mimi nitamsahihisha kwa lipi?" Mama Naetwe alifunga koki, akajifuta mikono kwa kanga, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Tulitoka kanisani tukakuta mfereji unaimba na tangawizi imelowa. Tukashukuru. Hatukuuliza. Hilo nakubali mbele yako na mbele ya Mungu."

"Nani hakuwapo kanisani, Mama?"

"Wewe ndiye mwenye ramani. Mtafute." Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa, "Somo siku ile lilisomwa na mtu wa kwaya. Alisoma vibaya sana."

Nakundwa alisimama. Somo la ibada ya mavuno huko Irindi, mwaka hata mwaka, lilisomwa na mtu mmoja tu, naye ni Mwalimu Elitwaza Mndeme, baba yake.

*

Hakwenda kwa baba yake. Alishuka hadi ofisi ya kata, kwa kuwa alitamani kusikia jina lingine, lolote, hata la Bwana Mruma.

Mzee Kadeghe alikuwa ameketi juu ya gunia katika chumba cha kuhifadhia majembe, ambacho ndicho kilichofanywa mahabusu. Mgambo alimfungulia Nakundwa mlango na kubaki nje.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu. Umeniletea ugoro?"

"Sikukumbuka, Babu. Nisamehe."

"Basi umekuja kuuliza. Anayekuja kuona mgonjwa hakosi kubeba kitu."

"Babu, wewe hukuvunja lakiri ile. Ulikuwa kanisani."

"Nilikuwa."

"Basi mbona umekiri?"

"Sikukiri kuvunja. Waliniuliza mlango wa ndiva ni wa nani, nikasema ni wangu. Waliniuliza nani anaujibia, nikasema mimi. Umesikia uongo hapo?" Alijinyoosha mgongo ukutani. "Mlango ukifunguliwa bila zamu, mlinzi hutoa mbuzi, wazee hula, aliyefungua naye hula akiwa ameinamisha kichwa, na kila mtu hujua. Jambo likaisha. Nilidhani watanitoza mbuzi."

"Hawatozi mbuzi. Watafunga nyumba zote. Kilima kizima kitapelekwa kambini, kwa sababu jina lako limeandikwa katika kila nyumba."

Mzee Kadeghe hakujua hilo. Ilionekana usoni mwake jinsi lilivyoingia na mahali lilipofika. Aliikunja mikono yake mikavu juu ya magoti.

"Nyumba zote," alisema.

"Isipokuwa ya baba na yangu."

"Ee."

"Babu, nitajie aliyefungua. Ukimtaja, nukta ya mwanzo itabadilika, na watu wako watapona."

"Nikimtaja aliyekunywa, nitakuwa mlinzi wa nini tena? Mlinzi wa mawe?" Akamtazama kwa macho makavu, na sauti yake ikawa kali. "Na wewe unamjua. Umepita mlango wake ukaja kwangu. Usinitafute mimi nikubebee mzigo wa nyumba yenu."

*

Mwalimu Elitwaza Mndeme alikuwa uani kwake, amefunga shati hadi kifungo cha shingo, akichambua tangawizi juu ya ungo. Ilikuwa tangawizi nzuri, nene, yenye udongo mbichi. Juu ya koki yake taa ya kijani ilikuwa ikiwaka.

"Umechelewa," alisema. "Chai imepoa."

"Baba, siku ya ibada ya mavuno ulikuwa wapi?"

"Mguu ulikuwa unaniuma."

"Mguu uliouma ulikupandisha mpaka ndivani, na siku iliyofuata ukakushusha mpaka mjini?"

Mwalimu aliweka kipande cha tangawizi upande wa vilivyo safi. Kisha akakitazama tena, akakihamisha.

"Nilifungua kidogo tu," alisema.

"Mlango wa ndiva haufunguki kidogo, Baba."

"Wewe ulitaka nifanye nini? Nikae hapa nitazame shamba likifa, ilhali maji yamefungiwa juu ya kichwa changu kwa lakiri ya watu wasiojua hata jina la chemchemi ile? Nilipanda. Nikakata. Maji yakashuka." Akainua kichwa. "Na hayakushukia kwangu peke yangu! Yalipita kwa kila mtu. Huyo Mama Naetwe alitoka kanisani na nyimbo mdomoni, akakuta shamba limelowa. Aliziba mfereji wake? Hakuziba. Sasa mwizi ni nani?"

Nakundwa alijua kwamba neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo lilimchukiza zaidi. "Walinyamaza," alisema. "Nawe ulinyamaza. Tofauti ni kwamba wewe ulinyamaza, kisha ukashuka mjini kubadilisha sifa yako katika Ramani."

"Nilisahihisha kosa. Mimi ni mtu niliyesoma. Maji ya nyumba yangu kuandikwa kwa jina la mtu mwingine ni kosa tangu siku ya kwanza."

"Kosa hilo lilikaa miaka yote. Ulilisahihisha siku moja baada ya lakiri kukatwa."

Mwalimu alichukua kipande kingine cha tangawizi.

"Na nyumba yangu? Nani aliisahihisha?"

"Umeandikishwa chini yangu. Niliandika jina langu kwa nyumba zote mbili." Sauti yake ililegea. "Ulitaka nijitoe mimi, wewe nikuache humo? Ningelala vipi?"

Siku nzima Nakundwa alikuwa amemtafuta adui, na badala yake akakuta upendo. Adui angemchukia na kumaliza. Upendo huu ulikuwa umemnunulia maji yake kwa nyumba za jirani zake, naye alikuwa ameyanywa asubuhi hiyo bila kujua.

"Baba, kesho mchana nitakuwa ofisini. Twende pamoja. Useme mwenyewe."

"Unampeleka baba yako kambini."

"Ukisema mwenyewe huenda wakakuhurumia umri wako."

"Na wasiponihurumia? Umepata kuziona kambi zile? Mimi nimekwenda kuzika watu kule." Alisimama kwa taabu, ungo mkononi. "Nilikuketisha hapa hapa uani nikakufundisha kusoma ramani, mwanangu, kabla hujajua kufunga viatu. Nilichora kaskazini kwa kijiti. Hayo ndiyo niliyokufundishia?"

"Sijui, Baba," alisema Nakundwa. "Nadhani ndiyo."

*

Asubuhi aligonga mlango wa baba yake. Haukufunguliwa, ingawa alimsikia akikohoa ndani. Alishuka peke yake.

Bwana Mruma alikuwa amemwandalia kiti. Kilima cha Irindi kilikuwa tayari kwenye skrini, manjano yote, na nukta mbili za kijani.

"Umehakiki?"

"Nimehakiki. Nukta ya mwanzo imekosewa. Aliyevunja lakiri si Mzee Kadeghe. Ni Mwalimu Elitwaza Mndeme."

Bwana Mruma alivua miwani. "Una ushahidi?"

"Nina kinywa chake. Aliniambia mimi. Nitaapa."

"Mtoto kumwapia babaye." Aliifuta miwani polepole. "Nilimwona pale dirishani siku ile. Alileta kitambulisho, akabadilisha sifa zake kwa mkono wake, kama sheria inavyomruhusu kila mwenye nyumba. Sikumwuliza sababu."

"Ulijua."

"Sikuuliza, binti. Kutouliza si kosa katika kitabu chochote cha Baraza." Akairudisha miwani. "Sasa nikuambie jambo, kwa kuwa wewe ni mtu makini. Baraza linaitaka chemchemi ya Irindi kwa ajili ya mji. Kilima kile kitahamwa, kama si mwaka huu, basi mwakani, na watakipata kwa sababu hii au ile. Huwezi kukiokoa. Unachagua tu kama wewe utakuwa juu au chini siku hiyo ikifika."

Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alitenda kosa kwa woga, na mwingine alikuwa amekaa dirishani akingoja kosa kama hilo lije. Nakundwa alijiuliza kama lakiri ile iliwekwa ili ilinde maji, au ili ikatwe. Hakuwa na njia ya kujua. Ramani haikuwa na safu ya nia.

Aliushika ubao wa funguo. Hakuna mtu mwingine ofisini mle aliyeruhusiwa na sheria kuhamisha nukta ya mwanzo, hata mkuu wake, na Bwana Mruma hakujaribu kumzuia. Alikaa tu, akitegemea kwamba mkono wa Nakundwa utakataa wenyewe.

Nakundwa aliiondoa nukta ya mwanzo juu ya nyumba ya Mzee Kadeghe. Aliinua mkono, akaapa kwa sauti ya kawaida kama inavyotakiwa, Ramani ikakipokea kiapo. Akaiweka nukta ya mwanzo juu ya nyumba ya baba yake. Umbali uleule. Safu ileile. Akaiamuru itafute.

Kilima chote kikageuka kijani mara moja. Katikati, nyumba ya Mwalimu Mndeme ikawa manjano. Ramani ikasimama juu yake, ikatazama pande zote, ikamwuliza kila jirani: mwenye maji kwako ni nani? Kadeghe, ilijibu nyumba ya Mama Naetwe, ikaachwa. Kadeghe, ilijibu iliyofuata, ikaachwa. Ikapita hivyo nusu kilomita yote, ikiruka nyumba baada ya nyumba, na mahali pamoja tu ikasikia jina la Elitwaza Mndeme, ikasimama.

Nukta mbili zimeteuliwa, iliandika. Niendelee?

"Ngoja," alisema Bwana Mruma. Kwa mara ya kwanza alikuwa na haraka. "Moja ni yako. Ibadilishe sifa. Andika jina lako mwenyewe, u mtu mzima, una haki hiyo. Ni kufumba na kufumbua. Mimi nitakwenda dirishani kutazama nje."

Na kweli akasimama, akaenda dirishani, akampa mgongo.

Nakundwa aliitazama nukta yake. Haki hiyo alikuwa nayo, na hakuna ambaye angedhurika kama angeitumia: majirani walikuwa wamepona, baba yake amekwisha kushikwa. Yeye hakuvunja lakiri. Lakini alijua ni mtu gani mwingine aliyewahi kuwa na haki hiyohiyo, na jinsi alivyoitumia, na ni nani aliyekuwa akitazama nje ya dirisha wakati ule pia. Tena alijua kwamba tangu siku atakayoibadilisha, Bwana Mruma hatakuwa na haja ya kumpa amri. Atamtazama tu.

Akatia kidole.

Bwana Mruma aligeuka aliposikia mlio wa Ramani, akaona mekundu mawili. Alichukua kikombe chake, akaona ni kitupu, akatoka nje.

*

Taa za kijani zilikuwa zikiwaka vibarazani alipopanda kilima alasiri ile, na hapakuwa na mtu wa kumshangilia. Mzee Kadeghe alikuwa ametolewa. Alikutana naye njiani, akapisha kando kama inavyopasa. Mzee aliitikia shikamoo yake bila kusimama, akaendelea kupanda, amekasirika. Mlango wake wa ndiva ulikuwa umejibiwa na mtu mwingine.

Mama Naetwe alikuwa anamwagilia mboga kwa maji ya viatu vya mvua. Alimwona Nakundwa, akasimama na kiatu mkononi. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Kila mtu mlimani alijua kifungu kile cha Sheria: anayeipa maji nyumba nyekundu huichukua sifa yake. Na kila mtu sasa alijua kwamba mpima huyu, akiwa na sababu, huweza kumtia manjano hata aliyemzaa.

"Pole, mwanangu," alisema hatimaye kwa sauti ya chini, akaingia ndani, na kitasa kikasikika.

Baba yake alikuwa kibarazani kwake, ameketi kwenye kiti kilichoelekea koki. Taa ilikuwa nyekundu. Alikuwa ameifungua hadi mwisho, nayo ilitoa pumzi nyembamba ya hewa, kama mtu anayelala.

"Wamebaki kijani wote," alisema bila kugeuka. "Nimetoka njiani nikaangalia. Wote. Ni sisi wawili tu. Ulichaguaje hata ikawa sisi wawili tu?"

"Nilichagua nukta tu, Baba. Sifa ulichagua mwenyewe."

Mwalimu Mndeme aliikazia macho taa nyekundu, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi na kutafuta kosa asilione. Lori lilisikika likipanda kona za chini kwa gia nzito. Hapo akasimama, akanyoosha kola ya shati lake, akaifunga koki kwa uangalifu ingawa haikuwa ikitoa kitu, akaenda chumbani kutafuta viatu vyake vya kanisani.